Mkurugenzi asipolala, mwenye hisa naye hukesha

Washauri nasaha wanavyoweza kuwasaidia wakuu wa makampuni na wale wanaoandaliwa kushika nafasi zao

WANAOFUATILIA masoko ya hisa wamezoea sababu chache zinazoshusha bei: faida imepungua, riba imepanda, serikali imebadili kodi, au mavuno yameharibika. Jumatano ya Novemba 2, 2011, katika soko la London, bei ya hisa za benki ya Lloyds ilishuka kwa zaidi ya asilimia 4 kwa sababu isiyokuwamo katika orodha hiyo. Mkurugenzi wake mkuu alikuwa hapati usingizi.

Taarifa ya benki ilieleza kwamba António Horta-Osório, Mreno aliyekuwa ameshika uongozi tangu Machi 1 mwaka huo huo, anakwenda likizo ya ugonjwa kwa ushauri wa madaktari kutokana na uchovu uliopita kiasi. Hadi soko linafungwa, mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamefutika katika thamani ya benki hiyo.

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za mazao na hati fungani, ili tuzungumzie swali ambalo wawekezaji wetu wadogo hawalizoei: anayetunza fedha zetu anatunzwa na nani? Hapa Afrika Mashariki wengi wetu tulilisikia neno "ushauri nasaha" kwa mara ya kwanza hospitalini, wakati wa kampeni za kupambana na UKIMWI. Ndiyo maana bado tunaudhani kuwa ni huduma ya wagonjwa peke yao. Katika biashara huduma hiyo ina kazi yake, na kazi hiyo inaweza kupimwa kwa shilingi.

Mzigo aliokuta

Lloyds aliyoikuta Horta-Osório ilikuwa na matatizo mengi. Wakati wa msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ilikubali kuinunua benki ya HBOS iliyokuwa inakaribia kuanguka. Ununuzi ulipokamilika Januari 2009, madeni mabaya ya HBOS yakawa yake. Serikali ya Uingereza ililazimika kuingiza pauni bilioni 20.3, na hadi mwaka 2011 ilikuwa bado inamiliki takriban asilimia 41 ya hisa.

Mei 2011, miezi miwili tu baada ya mkurugenzi mpya kuanza kazi, benki ilitenga pauni bilioni 3.2 za kuwafidia wateja waliouziwa kinyume cha utaratibu bima ya kulinda mikopo. Juni ikatangaza kupunguza nafasi za kazi 15,000. Wakati huo huo, matatizo ya madeni ya nchi za Ulaya yalikuwa yakifanya mabenki yakope kwa shida.

Horta-Osório alikuwa na umri wa miaka 47 na sifa ya kufuatilia mambo mengi yeye mwenyewe. Baadaye alieleza hadharani kwamba ilifika wakati akakaa siku tano karibu bila kulala. Alikwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, akalazwa kwa zaidi ya wiki moja katika hospitali binafsi ya Priory, London, kisha akaendelea na mapumziko.

Kazi zake zilishikwa na mkurugenzi wa fedha, Tim Tookey. Hapo wenye hisa wakaona tatizo la pili. Tookey mwenyewe alikuwa ameshatangaza kuhamia kampuni nyingine mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo benki kubwa kiasi hicho ilikuwa na kiongozi mgonjwa, na aliyemshikia nafasi alikuwa anafunga mizigo. Soko halikuogopa ugonjwa peke yake. Liliogopa pia kwamba hakuna aliyekuwa ameandaliwa.

Alivyorudi

Januari 9, 2012, baada ya bodi kuridhika kwamba amepona, Horta-Osório alirudi kazini. Alirudi na utaratibu tofauti: watu wachache zaidi wa kuripoti kwake moja kwa moja, na madaraka zaidi kwa wasaidizi wake. Mwezi huo huo aliomba asifikiriwe katika bonasi ya mwaka 2011, ambayo ingeweza kufikia pauni milioni 2.4.

Februari 2015 benki ilitangaza gawio lake la kwanza tangu mwaka 2008. Mei 2017 serikali iliuza hisa zake za mwisho. Kwa hesabu za serikali, jumla ya fedha zilizorudi, pamoja na magawio, ilikuwa pauni bilioni 21.2, yaani zaidi kidogo ya zile ilizoingiza. Horta-Osório alikuwa bado yupo katika kiti chake, na alikaa hapo hadi mwaka 2021.

Hatusemi kwamba daktari ndiye aliyeiponya benki. Uchumi ulitengemaa, riba zilikuwa chini, na wafanyakazi wengi walilipa gharama kwa kupoteza ajira. Lakini mwanahisa anaweza kujiuliza ingekuwaje kama mkurugenzi yule angeficha hali yake kwa miezi sita zaidi, akaendelea kutia saini mikataba ya mabilioni huku halali. Hasara ya asilimia 4 ya siku moja ilionekana kubwa. Hasara ya maamuzi mabaya ya nusu mwaka haionekani siku hiyo hiyo, na ikionekana huwa imeshaingia katika mizania.

Miaka michache baadaye Lloyds ilianzisha mafunzo maalumu kwa viongozi wake wa ngazi za juu, yaliyotayarishwa pamoja na daktari yule yule aliyemtibu mkurugenzi. Yalihusu usingizi, chakula, afya ya moyo na namna ya kuitunza akili wakati wa shinikizo. Benki haikusubiri mtu wa pili aanguke.

Msomaji asidhani kwamba dawa hii inatibu kila kitu. Mwaka 2021 Horta-Osório alikwenda Uswisi kuwa mwenyekiti wa benki ya Credit Suisse, na Januari 2022 akajiuzulu baada ya uchunguzi wa bodi kuhusu kuvunja masharti ya karantini ya UVIKO-19. Mshauri nasaha humsaidia mtu afikiri akiwa ametulia. Kutii kanuni kunabaki kuwa wajibu wa kiongozi mwenyewe, na kumsimamia ni wajibu wa bodi.

Aidha, si kila anayepumzika hurudi. Oktoba 2013 Hector Sants, aliyekuwa amejiunga na benki ya Barclays mwanzoni mwa mwaka huo kusimamia utii wa sheria, alichukua likizo kwa sababu ya uchovu na msongo wa kazi. Mwezi uliofuata alijiuzulu. Nalo hilo ni jibu halali. Mtu anapoiacha nafasi mapema, kampuni hupata muda wa kutafuta mwingine.

Kazi yake hasa ni ipi?

Wafanyabiashara wengi huchanganya watu wanne. Mshauri wa biashara huangalia hesabu na soko. Mkufunzi hufundisha mbinu za kazi. Daktari wa magonjwa ya akili hutibu ugonjwa na ana ruhusa ya kuandika dawa. Mshauri nasaha, au mtaalamu wa tiba ya saikolojia, humsaidia mtu kuyaona mawazo yake, hofu zake na tabia zake, na kuzibadili zile zinazomuumiza yeye na kazi yake. Kwa kiongozi, msaada huo una sehemu tano.

Ya kwanza ni kumsikiliza bila maslahi. Kila anayeingia ofisini kwa mkurugenzi ana lake. Mhasibu anataka saini, mwenyekiti anataka matokeo, chama cha wafanyakazi kinataka nyongeza, na ndugu wa kijijini anataka ada ya mtoto. Hata mke au mume nyumbani anahitaji kusikia kwamba mambo ni mazuri. Mshauri nasaha hagombei cheo wala hauzi kitu kwa kampuni. Kwa wakuu wengi huyo ndiye mtu pekee ambaye wanaweza kumwambia "sijui" bila bei ya kitu chochote kushuka.

Ya pili ni kutofautisha uchovu wa kawaida na uchovu wa kuishiwa. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya wafanyakazi wa kujitolea waliokuwa wameanza kazi kwa moyo na kuishia kuwa kama nyumba iliyoungua ndani. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, alitengeneza kipimo chenye sehemu tatu: nguvu kwisha, moyo kuwa mgumu dhidi ya kazi na watu, na mtu kuona kwamba hafanyi lolote la maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa ni tukio la kazini linalotokana na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa. Halikuiita ugonjwa. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu uchovu unaotokana na mpangilio wa kazi hauondoki kwa vidonge tu. Mpangilio wenyewe lazima uguswe. Lakini ikiwa dalili zimevuka hapo, kwa mfano mtu amekata tamaa ya kuishi, mshauri mzuri humpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa tiba cha Marekani kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya kubadili mawazo na mazoea, kabla ya dawa za usingizi. Tiba hiyo haina mambo makubwa. Mtu anaandika daftari la usingizi, kama mfanyabiashara anavyoandika daftari la mauzo. Anaamka saa ile ile kila siku, hata kama alilala vibaya. Akishindwa kulala anatoka kitandani, akakae mahali pengine hadi usingizi umjie. Kitanda kinaacha kuwa ofisi ya pili. Baadhi ya hatua hizo ni ngumu siku za mwanzo, ndiyo maana msimamizi anahitajika.

Ya nne ni kupima mawazo kabla hayajawa maamuzi. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mahindi aliyepata hasara katika safari moja. Akiwa amechoka, anaweza kujiambia kwamba biashara imemkataa, akauza lori kwa bei ya kutupa. Au anaweza kujiambia kwamba lazima azirudishe fedha zote kwa mkupuo mmoja, akakopa kwa riba kubwa. Mawazo yote mawili yametoka katika hofu moja. Mshauri hamwambii anunue au auze. Humwuliza maswali rahisi: ushahidi ni upi? Mara ngapi umepata hasara kama hii na ukarudi? Ungemshauri nini rafiki yako mwenye hesabu kama hizi? Baada ya maswali hayo hofu hurudi katika kipimo chake, na uamuzi unabaki kwa mwenye mali.

Ya tano ni kuachia na kukataa. Wakuu wengi hujua kwamba wanapaswa kukasimu madaraka. Semina wamehudhuria, na bado funguo zote ziko mfukoni mwao. Sababu mara nyingi iko ndani: mtu aliyekulia katika dhiki haamini kwamba mwingine anaweza kutunza kitu. Jambo hilo halirekebishwi kwa waraka wa utawala. Linahitaji mazungumzo ya majuma kadhaa, na majaribio madogo madogo ya kumwachia msaidizi kazi moja, kisha nyingine.

Upo pia mzigo ambao wataalamu wa Ulaya hawauandiki sana katika vitabu vyao, nao ni ukoo. Hapa kwetu anayepewa cheo huwa amepewa pia michango ya harusi, misiba, ada za watoto wa ndugu na maombi ya ajira. Mkurugenzi anayeshindwa kukataa nyumbani huishia kukopa, au kuajiri mtu asiyefaa, au kugusa fedha zisizo zake. Mshauri anayeijua jamii yetu hamwambii mtu aukate ukoo wake. Humsaidia kupanga kiasi kwa mwezi, kumteua mzee mmoja wa familia wa kupokea maombi, na kujifunza kusema hapana kwa maneno ya heshima.

Wanaochipukia

Kisa cha Tookey kinaonyesha kwamba kampuni isiyo na warithi huogopwa na soko. Lakini mrithi hapatikani kwa barua ya kupandishwa cheo. Msaada wa mshauri unaweza kuwa na faida kubwa zaidi kwa anayeanza kuliko kwa anayemaliza, kwa kuwa mazoea yake bado hayajakauka.

Mwangalie karani hodari anayefanywa meneja wa tawi. Ijumaa alikuwa anakula mihogo na wenzake chini ya mwembe. Jumatatu anatakiwa awaandikie barua za onyo. Baadhi watamwita msaliti, wengine watampima. Akitaka kupendwa atashindwa kusimamia. Akitaka kuogopwa watamficha habari, na meneja anayefichwa habari huujua wizi siku ya ukaguzi. Hayo yote yanazungumzika. Mshauri anaweza kuigiza naye mazungumzo ya kwanza na mfanyakazi mkorofi, mara mbili au tatu, kabla hajayafanya kweli.

Jambo jingine ni hofu ya kujiona bandia. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana katika masomo na kazi, ambao hata hivyo waliamini kwamba wamepata kwa bahati na siku moja watagunduliwa. Hali hiyo imeonekana pia kwa wanaume. Kiongozi kijana mwenye hofu hiyo hafanyi mambo mawili muhimu: haulizi asichokijua, na haripoti kosa mapema. Katika benki au katika ghala, makosa yanayoripotiwa mapema ndiyo nafuu.

Kundi la tatu ni watoto wanaorithi biashara za wazazi. Mzee amejenga duka, kisha kiwanda cha kukoboa, kisha mabasi. Mtoto amesoma, anataka kompyuta na mikopo ya benki. Mzee anasema "endesha wewe", lakini kila jioni anapita kuhesabu fedha. Kampuni nyingi za familia huvunjika hapo, na kinachoonekana kwa nje ni ugomvi wa mali. Mshauri wa familia huwakalisha wote pamoja, kila mmoja aseme anaogopa nini: mzee anaogopa kusahauliwa, mtoto anaogopa kulinganishwa. Baada ya hapo mwanasheria akiandika mgawanyo wa hisa, anaandika kitu ambacho watu wamekielewa.

Huko Ufaransa, katika chuo cha biashara cha INSEAD kilichopo Fontainebleau, Mholanzi Manfred Kets de Vries, ambaye ni mchumi na pia mtaalamu wa tiba ya saikolojia, ameendesha kwa miaka mingi mafunzo ambamo wakuu wa makampuni hukutana katika kundi dogo, mara kadhaa, wakaelezana maisha yao na maamuzi yao. Faida ya kundi ni kwamba kila mmoja anagundua kuwa hayuko peke yake. Chama cha wafanyabiashara katika mji wowote, kikiwa na mshauri mmoja anayejua kazi yake, kinaweza kuanzisha kundi la namna hiyo kwa gharama ya ukumbi na chai.

Nani analipa, nani anajua

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Kampuni inaajiri mshauri, kisha mwenyekiti anampigia simu kuuliza: "Yule kijana wetu anaendeleaje?" Mshauri akijibu, kazi imekwisha. Hakuna meneja atakayefungua mdomo tena, na walioufungua wataanza kutafuta kazi kwingine.

Makubaliano yanapaswa kuandikwa mwanzoni. Kampuni inaweza kujua idadi ya vikao ilivyolipia, na si zaidi ya hapo. Yaliyosemwa yanabaki kwa mshauri na mteja wake, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au sheria ikidai. Mshauri asiwe ndugu wa mkurugenzi, asiwe na hisa katika kampuni, wala asishiriki kuamua nani apandishwe cheo. Na awe na sifa zinazoweza kuthibitishwa. Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Popote ulipo, mwulize mtaalamu amesomea wapi, anasimamiwa na nani, na atakupeleka kwa nani ikiwa tatizo limemzidi. Anayeahidi kumaliza kila kitu kwa kikao kimoja, mwepuke kama unavyomwepuka anayeahidi kuzidisha fedha zako mara mbili kwa wiki.

Mwanahisa naye ana haki zake, lakini zina mpaka. Hana haki ya kusoma faili la hospitali la mkurugenzi. Ana haki ya kujua mapema kwamba mkurugenzi hayupo kazini, nani anashika nafasi, na kwa muda gani. Lloyds ilitangaza yenyewe, ikataja sababu na ikamtaja anayeshika nafasi. Bei ilishuka, lakini wenye hisa hawakuachwa wategemee uvumi peke yake.

Mwenye duka je?

Msomaji mwenye kibanda cha vifaa vya ujenzi anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wenye magari ya vioo vyeusi. Si kweli. Mfanyabiashara mdogo ni mkurugenzi, mhasibu, mlinzi na mchukuzi kwa wakati mmoja. Akilala wiki mbili, duka nalo linalala. Wapo wanaokosa usingizi kwa miezi, wakadhani wamerogwa na jirani wa kibanda cha pili, wakamaliza mtaji katika safari za kutafuta kinga.

Kutoka Zimbabwe upo mfano wa gharama ndogo. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mjini Harare mpango wa kuwafundisha akina bibi wa mitaani kutoa ushauri wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016, na yalionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo baadaye ulifika hadi Zanzibar.

Njia yenyewe inafanana na kupanga mauzo. Mtu anataja matatizo yake yote, anachagua moja, anapanga hatua moja ndogo anayoiweza wiki hiyo, kisha anarudi kueleza imekuwaje. Mwenye madeni manane hawezi kuyalipa yote Jumatatu. Anaweza kumwendea mdai mmoja na kuomba ratiba. Akirudi na jibu, hata usingizi huanza kurudi.

Kwa walioajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Meneja anayejikokota kazini huku anaumwa, kwa hofu ya kuonekana dhaifu, anaiacha haki hiyo mezani. Mwenye duka hana sheria hiyo ya kumlinda. Kinga yake ni kumfundisha mtu mmoja mapema kufungua, kuuza na kufunga hesabu bila yeye.

Maswali ya mkutano mkuu

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sonona na wasiwasi huigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, na dola za Marekani trilioni 1 katika uzalishaji. Sehemu ya gharama hiyo imo katika makampuni ambayo wasomaji wetu wana hisa zake. Kwa kawaida katika mkutano mkuu wa mwaka tunauliza juu ya gawio na chakula cha mchana. Mwaka huu, mwenye hisa mia moja anaweza kusimama na kuuliza haya:

1. Mkurugenzi mkuu alichukua likizo yake ya mwaka uliopita? Kama hakuchukua, bodi ilifanya nini?

2. Akipata dharura kesho asubuhi, nani anashika nafasi yake, na mtu huyo amewahi kuishika hata kwa majuma mawili?

3. Ni watu wangapi wanaoripoti kwake moja kwa moja? Idadi ikipanda kila mwaka, hakuna anayeachiwa madaraka.

4. Mameneja wapya wanapewa msaada gani katika mwaka wao wa kwanza, mbali na semina ya siku mbili hotelini?

5. Kampuni ina mkataba na mshauri nasaha? Siri za wafanyakazi zinalindwa vipi katika mkataba huo?

Majibu hayatabadili bei siku hiyo. Lakini mwenyekiti akijibu swali la pili kwa kusita, mwanahisa amepata habari ambayo haimo katika ripoti ya mwaka yenye picha za rangi. Na akijibu kwa majina na tarehe, mwanahisa amejua kwamba fedha zake hazitegemei usingizi wa mtu mmoja.

Kwa wale wanaoongoza biashara zao wenyewe, ushauri wetu wa wiki hii ni mfupi. Ukiona majuma mawili yamepita hulali vizuri, unawakaripia wateja, pombe imeongezeka jioni, au unaahirisha kufungua barua za benki, usisaini mkopo mpya wala usiuze mali. Tafuta kwanza mtu aliyesomea kazi ya kusikiliza, ukae naye. Lori litakuwepo bado wiki ijayo, na mnunuzi wa kweli atarudi.